Bodi ya Watu 17 kwa Shule ya Watoto 150: Je, Tunaweza Kuipunguza?

Swali hili limetoka kwa mama mmoja wa Emuhaya, Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ambaye ni mwenyekiti wa bodi ya shule ya msingi ya umma. Anaandika: "Shule yetu ina watoto 150. Bodi ina watu 17, na mwalimu mkuu ni katibu. Mwaka jana tuliahirisha mkutano mara mbili kwa kukosa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Wazazi wanauliza kwa nini shule ndogo hivi iwe na bodi sawa na ya shule yenye watoto elfu moja na zaidi. Je, tunaweza kupitisha azimio tubaki 7? Na tukipunguza, nani aondoke?"

Mama Mwenyekiti, la kwanza nalijibu bila kuzunguka: hapana. Bodi haina mamlaka ya kujipunguza, hata wajumbe wote wakiinua mikono. Idadi imeandikwa katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 56, na anayewateua wajumbe ni Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mkipitisha azimio hilo na kuwarudisha watu nyumbani, mnafungua mlango wa kesi. Yeyote ambaye hakupendezwa na uamuzi wenu baadaye, awe mkandarasi, mfanyakazi aliyeachishwa au mzazi wa mtoto aliyeadhibiwa, atasema bodi iliyoamua haikuwa bodi halali. Usiiweke shule katika hatari hiyo.

La pili, yaani nani aondoke, ndilo zito. Nitakaa hapo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu naona watu wengi wakilijibu vibaya.

Kwanza tuhesabu viti. Sheria inatoa viti 6 kwa wawakilishi wa wazazi, kimoja kwa mtu anayependekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, kimoja kwa mwalimu aliyechaguliwa na walimu wenzake, 3 kwa mdhamini wa shule (mara nyingi kanisa lililoianzisha), kimoja kwa makundi yenye maslahi maalum katika jamii, na kimoja kwa watu wenye mahitaji maalum. Hao ni 13. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi huingia kwa wadhifa wake, kisha bodi inaweza kualika watu wasiozidi 3 wenye ujuzi fulani. Hapo ndipo mnapofika 17. Hesabu ni hiyo hiyo kwa shule yenu na kwa shule kubwa ya mjini Kisumu au Nakuru.

Haikuwa hivi tangu zamani. Chini ya Sheria ya Elimu ya 1968, shule za msingi zilikuwa na kamati za shule, na shule za sekondari zilikuwa na bodi za magavana. Sheria ya 2013 ilifuta mpangilio huo ikaweka bodi ya usimamizi kwa kila shule ya umma, kubwa kwa ndogo. Kusudi lilikuwa jema: shule ya msingi ya kijijini ipewe hadhi na wajibu wa kisheria kama wenzake. Lakini nguo ilishonwa kwa kipimo kimoja, na shule ndogo za magharibi ndizo zinazoivaa ikiburura chini.

Nasema za magharibi kwa sababu ya historia yetu. Wakwekeri walifika Kaimosi mwaka 1902. Misheni ambayo baadaye ilikuja kuwa ya kanisa la Church of God ilianza kazi Kima, hapo hapo kwenu Bunyore, mwaka 1905, na wamishonari wa Kianglikana wakafungua shule ya Maseno mwaka 1906. Wakatoliki nao walikwisha fika Kisumu na Mumias. Kila kanisa lilijenga shule karibu na waumini wake, na watu walivyozidi kuongezeka katika mashamba madogo, shule nazo zikaongezeka. Leo katika sehemu nyingi za Vihiga mtoto anaweza kupita lango la shule moja akielekea nyingine, na anayempitisha hapo ni kanisa la babu yake. Ndiyo maana tuna shule ndogo nyingi zilizo karibu karibu, na ndiyo maana viti vitatu vya mdhamini si jambo dogo katika mazungumzo haya.

Wazazi wako huenda wanaanza na pesa, kwa hiyo nigusie hesabu hiyo, ingawa kwangu si hoja yenye nguvu. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi umekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa watoto 150 hiyo ni shilingi 213,000, na kila mwalimu mkuu anajua kwamba haziji zote wala haziji kwa wakati. Tuchukulie kila mjumbe anapewa shilingi 500 za nauli na chakula. Kikao kimoja cha watu 17 ni shilingi 8,500, na vikao vitatu kwa mwaka ni 25,500. Ukiulinganisha na mgao wote wa mwaka, huo ni karibu asilimia 12. Hapo mzazi ana haki ya kushtuka. Lakini mkibaki 9, mnaokoa shilingi 12,000 kwa mwaka mzima. Pesa hizo hazimlipi mwalimu wa kuajiriwa na bodi hata muhula mmoja. Kama pesa ndiyo shida, suluhisho halihitaji Bunge: chakula kipikwe jikoni mwa shule siku ya kikao, na nauli apewe anayetoka mbali kweli, si anayevuka barabara.

Hoja yenye nguvu ni mahudhurio. Bodi kubwa katika shule ndogo hufa polepole. Mjumbe mmoja anaishi Nairobi. Mwingine alikubali kiti ili jina lake litajwe kanisani, na wa tatu hakuulizwa hata kama anataka. Mikutano ikipangwa Ijumaa, nusu yao wako matangani. Na akidi huhesabiwa kwa ukubwa wa bodi, kwa hiyo kila anayelala anawafungia njia walio macho. Mwalimu mkuu naye, akishindwa kuitisha bodi, anaanza kuamua peke yake na kuwatafuta watu wa kutia saini baadaye. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote: shule yenye wajumbe 17 kwenye karatasi inayoongozwa na watu wawili.

Basi kwa nini nisiseme tu, punguzeni? Kwa sababu ya hesabu moja ambayo watu huipita. Tazama tena wale 13. Wazazi ni 6. Hawafiki nusu hata leo, katika bodi kubwa ambayo wanadhani ni yao. Sasa fikiria mnaipunguza hadi 7 kwa njia iliyo rahisi, kila kundi likatwe nusu. Wazazi wanabaki 3. Mdhamini hatakubali kushuka chini ya 2, maana kanisa lilitoa ardhi na litakukumbusha. Mwalimu 1, mtu wa kaunti 1. Mmeshafika 7. Yuko wapi mwakilishi wa watu wenye mahitaji maalum? Ameondoka, na hakuna aliyempigia kelele, kwa sababu watu wa kupiga kelele kwa niaba yake ni wachache.

Nimeona mijadala ya namna hii ikienda hivyo mara nyingi mno. Viti vinapopungua, vinavyopotea kwanza si vya wasiofanya kazi bali vya wasio na nguvu. Mtu mwenye viti vitatu ana jeshi la kumtetea. Mwenye kimoja anategemea huruma. Na ni yule mwenye kimoja anayeuliza kwa nini choo kipya kina ngazi tatu mlangoni, au kwa nini mtoto asiyesikia vizuri amekalishwa nyuma ya darasa. Hakuna mwingine katika bodi atakayeuliza. Kwa hiyo kipimo changu kwa pendekezo lolote la kupunguza ni hiki: je, baada ya kupunguza, wazazi wamezidi nusu, na mwenye mahitaji maalum bado yuko mezani? Kama jibu ni la, afadhali bodi kubwa inayosuasua.

Kuna hesabu ya pili, ya kamati. Sheria inazungumzia kamati za bodi: ya fedha na ununuzi, ya masomo na mazingira, ya nidhamu na maadili, ya ukaguzi. Wa fedha hawafai kuwa ndio wa ukaguzi, la sivyo mtu anajikagua mwenyewe. Kila kamati ikiwa na watu watatu, fedha na ukaguzi peke yake zinameza watu 6 tofauti. Katika bodi ya 7 anabaki mwenyekiti tu. Mtu mmoja akifiwa au akiugua, ukaguzi unakufa. Katika bodi ya 5 haiwezekani kabisa. Ndiyo sababu 7, namba unayoitaja, naiona ni chini mno kwa shule inayoshika pesa za umma.

Na liko jambo la ukoo, ambalo sisi wa magharibi tunalijua vizuri ingawa hatupendi kulisema kikaoni. Vijiji vyetu vimekaa kwa koo. Wazazi 6 wanaweza kutoka vijiji 6. Wazazi 3 wanaweza kutoka boma moja na jirani yake, na kabla hujajua, kazi ya upishi, ya ulinzi na ya kuleta mchanga zote zimekwenda nyumba hiyo. Bodi ndogo hutekwa upesi. Tena kuna faida ya bodi kubwa ambayo haionekani kwenye kitabu cha kumbukumbu: kila mjumbe ni mdomo wa shule kijijini kwake. Uamuzi wa kuongeza pesa za chakula cha mchana ukielezwa jioni ile ile katika vijiji sita na watu sita waliokuwepo, wazazi hulipa. Ukifika kwa barua ya mwalimu mkuu peke yake, unabishaniwa muhula mzima.

Kama ningeulizwa na Bunge leo, ningependekeza sheria iweke ngazi, na shule zenye watoto chini ya 200 ziwe na bodi ya watu 9: wazazi 5, mwalimu 1, mdhamini 1, mwakilishi wa wenye mahitaji maalum 1, na wa Bodi ya Elimu ya Kaunti 1. Hapo wazazi wamezidi nusu kwa mara ya kwanza. Kamati ya fedha na ya ukaguzi zinatosha bila kuingiliana. Na kanuni ya jinsia, kwamba wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, inatimia kwa urahisi: angalau 3 wawe wa jinsia ile nyingine. Najua viongozi wa makanisa watauliza kwa nini wao washuke kutoka 3 hadi 1. Nawajibu kwa heshima, maana bila wao wengi wetu tusingesoma: mjumbe mmoja anayehudhuria kila mara analitumikia kanisa lake kuliko watatu wanaopokezana udhuru. Tena wazazi wengi wa shule hiyo huketi Jumapili katika viti vya kanisa lilo hilo. Sauti yake haitapotea.

Ngazi za namna hii si jambo geni duniani. Katika jimbo la New York nchini Marekani, wilaya nyingi za shule za mashambani zinaruhusiwa kisheria kuwa na wajumbe 5, 7 au 9, na wanaoamua ni wapiga kura wa wilaya yenyewe. Angalia kwamba namba zote hazigawanyiki kwa mbili, ili kura zisilingane. Ila bodi ya kule husimamia wilaya yenye shule kadhaa na inachaguliwa kwa kura, kwa hiyo usiichukue namba yao ukaibandika kwenu. Uingereza iliweka mwaka 2012 kwamba bodi za shule za serikali zisipungue watu 7, kisha shule yenyewe iongeze ikitaka. Wanaonivutia zaidi ni Afrika Kusini. Sheria yao ya shule ya 1996 inataka wazazi katika bodi wawe wengi kuliko wajumbe wengine wote wenye kura wakijumlishwa, kwa mmoja. Kwao ukubwa unaweza kubadilika, wingi wa wazazi haubadiliki. Hilo ndilo ningependa tuliige.

Wengine hupendekeza bodi moja kwa shule tatu ndogo za jirani. Kwenye karatasi linapendeza. Lakini shule hizo tatu mara nyingi zina wadhamini watatu tofauti, na jambo la kwanza bodi hiyo itakalojadili ni ipi kati yao ifungwe. Siliungi mkono.

Sasa mfanye nini kabla sheria haijabadilika? Mengi, tena bila kuvunja kifungu hata kimoja.

Anza na wale waalikwa 3. Sheria inasema bodi inaweza kualika, haisemi lazima. Tazama wenu ni akina nani. Kama mmoja ni fundi wa ujenzi na mnajenga darasa, abaki. Kama alialikwa kwa sababu ni mtu mkubwa wa eneo, kipindi chake kikiisha mshukuruni hadharani, kwa heshima zote, na kiti kikae wazi. Wote watatu wakitoka, mmeshuka hadi 14, na sheria imesalia kamili. Ujuzi mnaouhitaji utafuteni ndani ya viti 6 vya wazazi. Katika watoto 150 hakosi mzazi aliyefanya kazi ya uhasibu, muuguzi, au mama anayeweka hesabu za chama chake sawasawa kuliko mhasibu.

Kisha shughulikia wasiohudhuria, na hapa nakuomba uwe na moyo mgumu kidogo. Chukua kitabu cha kumbukumbu, uhesabu kila mjumbe amekosa vikao vingapi na kama alitoa udhuru. Mwite kila mmoja kando, si mbele ya watu, umuulize kama anaweza kuendelea. Wengi watashukuru kupewa njia ya kutoka kwa heshima. Akikubali, aandike barua ya kujiuzulu. Akikataa na bado haji, bodi iandike kwenye kumbukumbu na katibu apeleke taarifa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti ili kiti kitangazwe wazi. Nafasi ijazwe kutoka kundi lile lile: wa mdhamini kwa mdhamini, wa mzazi kwa mzazi. Mwandikie mchungaji au padri mapema, umwambie mnahitaji mtu anayeishi eneo hilo na anayeweza kuja siku ya kazi. Usimtajie jina unalolitaka, maana hapo ndipo ugomvi huanza.

Kalenda nayo. Vikao vyote vya mwaka vipangwe mwezi wa Januari, tarehe zibandikwe ofisini na kutumwa kwa simu ya kila mjumbe. Epukeni Ijumaa na Jumamosi kwa sababu ya mazishi. Epukeni siku kubwa ya soko la Luanda kama wajumbe wenu ni wachuuzi, na wiki za kupanda mvua ya masika ikianza. Jumanne au Jumatano saa nane mchana, baada ya watu kutoka shambani, huwaleta wengi. Na kikao kisizidi muda wa saa mbili. Kikao kinachoanza saa nne kikaisha saa kumi ndicho kinachofukuza wajumbe.

Kazi halisi ihamie kwenye kamati. Watu watatu wa kamati ya fedha wanaweza kukutana chini ya mwembe bila nauli, wapitie stakabadhi za mwezi, walete ukurasa mmoja kwenye bodi. Bodi nzima isome, iulize, iamue. Mkifanya hivyo, mkutano wa watu 14 unakwenda haraka, kwa sababu hamwanzi kila jambo kutoka mwanzo. Ila ajenda itumwe wiki moja kabla, na hesabu ziambatane nayo. Mjumbe anayeona takwimu kwa mara ya kwanza akiwa amekaa kikaoni hawezi kuuliza swali la maana, hata awe msomi wa namna gani.

Kuhusu kubadilisha sheria yenyewe, njia ipo wazi kwa raia yeyote. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Ombi halihitaji wakili. Lakini ombi la shule moja husikika kama lalamiko, na la shule 30 za Emuhaya, Luanda na Hamisi husikika kama hali ya eneo. Zungumza na wenyeviti wenzako. Kila mmoja alete mambo matatu: idadi ya watoto, idadi ya wajumbe walioteuliwa, na wastani wa waliohudhuria vikao vya mwaka uliopita. Jedwali hilo la ukurasa mmoja mpelekee mbunge wenu na pia Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, na ndani yake mwandike waziwazi kwamba mnaomba bodi ndogo ambayo wazazi wamezidi nusu na kiti cha wenye mahitaji maalum hakiguswi. Msipoliandika hilo, mtapewa bodi ndogo tu, na wa kuwapangia nani abaki atakuwa mtu mwingine.